Uzi wa makontena: futi 20, futi 40, haikyubu na mengine. Lipi la mzigo gani?

Mpakiaji

Wakuu, swali la "nina mzigo Guangzhou, nichukue futi 20 au 40?" limejibiwa mara nyingi kwa mkato: chukua 40, ni kubwa. Jibu hilo linawagharimu watu. Kontena hujaa kwa njia mbili, linajaa nafasi au linajaa uzito, na mara nyingi moja linatangulia jingine kwa mbali sana. Ukipiga hesabu ya nafasi peke yake utakwama kwenye mizani. Ukipiga ya uzito peke yake utalipia hewa kutoka China hadi Dar.

Vipimo kwanza. Ni vya ndani isipokuwa niliposema vingine, na hupishana kwa sentimita chache kati ya kiwanda na kiwanda.

Futi 20 la kawaida: urefu mita 5.90, upana 2.35, kimo 2.39. Mlango upana 2.34, kimo 2.28. Ujazo CBM (mita za ujazo) 33. Likiwa tupu lina kg 2,200 hadi 2,400. Mzigo wa juu ni kama tani 28.

Futi 40 la kawaida: urefu mita 12.03, upana na kimo kama vya futi 20. CBM 67. Tupu ni kama kg 3,700. Mzigo wa juu tani 26 na nusu, hapa na pale zaidi.

Haikyubu ya futi 40: sakafu ni ile ile ya futi 40, ila kimo cha ndani ni mita 2.69 na mlango una kimo cha 2.58. CBM 76. Tupu kg 3,900 hivi.

Haikyubu ya futi 45: urefu wa nje mita 13.7, CBM 86. Kwetu ni nadra. Kabla hujaikubali muulize mwenye lori kama trela lake linaipokea, maana pembe za kufungia zipo pale pale zilipo za futi 40 na kinachozidi kinaning'inia.

Tazameni hapo: futi 40 ina nafasi maradufu ya futi 20 lakini inabeba uzito PUNGUFU. Ukomo wa jumla, yaani kontena pamoja na mzigo, kwa mengi ni kg 30,480 kwa yote mawili, na futi 40 lenyewe ni zito zaidi. Wanaoona 40 kama "20 mbili" huanguka hapa.

CBM za kwenye karatasi hazijai zote. Maboksi hayalingani, kuna mapengo, mlango unataka nafasi. Kwa maboksi mchanganyiko hesabu 26 hadi 28 kwa futi 20, 54 hadi 58 kwa futi 40, 65 hadi 68 kwa haikyubu.

Kanuni ninayoipendekeza: gawa kilo zote kwa CBM zote. Ukipata zaidi ya kilo 500 kwa CBM moja, fikiria futi 20. Chini ya 400, haikyubu. Katikati, kaa na kalamu na bei zote mbili.

Kariakoo Jumla

Mkuu nashukuru. Nina vigae 60x60 mita za mraba 2,200 na seti 12 za sofa (3+2+1), vyote Foshan. Muuzaji anasema futi 40 moja inatosha, vigae havichukui nafasi. Ni kweli?

Mpakiaji

Kuhusu nafasi anasema kweli, na ndiyo sababu ni hatari.

Vigae vya 60x60 vina kilo 20 hadi 22 kwa mita ya mraba. Boksi la vipande vinne ni mita 1.44, kilo 30 hivi. Mita 2,200 mara kilo 21 ni tani 46. Hakuna kontena la kawaida duniani linalobeba hizo. Lakini kwa nafasi ni CBM 23 tu bila kuhesabu paleti, kwa hiyo kwa macho yanaingia hata kwenye futi 20, na karibu theluthi ya kuelekea darini inabaki tupu. Futi 20 ya vigae iliyopakiwa sawasawa ikifunguliwa inaonekana kama imeibwa. Mzigo umeishia kiunoni.

Kwako ningefanya hivi. Futi 20 moja ya vigae tupu, tani 26, mita kama 1,240. Tani 20 zinazobaki ziingie haikyubu, zitandazwe sakafu NZIMA kuanzia ukuta wa mbele hadi karibu na mlango, maboksi yakisimama kwa ukingo, si kulala. Juu yake plaiwudi, juu ya plaiwudi sofa. Vigae vinachukua CBM 10 hivi, sofa seti 12 kwa wastani wa CBM 4.5 ni 54, jumla 64. Uzito tani 20 na mbili za sofa. Haikyubu imejaa pande zote mbili, na hujalipia hewa.

Angalizo: asirundike vigae vyote mbele eti ili sofa zikae nyuma. Nusu yoyote ya urefu wa kontena isibebe zaidi ya asilimia 60 ya uzito.

Ekseli Sita

Naongeza upande wa barabara, maana wengi huishia bandarini kwenye hesabu zao.

Ukomo wa Afrika Mashariki kwa lori la ekseli sita (hosi, yaani kichwa cha lori, ya ekseli tatu na trela la ekseli tatu) ni tani 50: ekseli ya usukani 8, mbili za hosi 18, tatu za trela 24. La ekseli saba ni 56. Hosi na trela la skeletoni (fremu tupu ya kubebea kontena) vikiwa vitupu ni tani 15 hadi 16. Zinabaki 34 au 35, na humo kontena lenyewe limo. Kwa hiyo kwa uzito wa jumla futi 20 yenye tani 28 inapita.

Kinachokamata watu si jumla, ni ekseli. Futi 20 nzito ikiwekwa nyuma kabisa ya trela refu, ekseli za nyuma hubeba karibu kila kitu pamoja na uzito wa trela lenyewe, na 24 zinapita haraka. Ikiwekwa katikati, hosi na trela hugawana. Madereva wanapenda kuiweka nyuma kwa sababu mlango unafika moja kwa moja kwenye jukwaa la kushushia. Kama mzigo ni zaidi ya tani 20, kataa, iende katikati, na ghalani mtumie foklifti au ngazi ya kuunganisha.

Futi 20 mbili juu ya trela moja: inafaa kama kila moja pamoja na mzigo wake haizidi tani 17. Yaani mzigo wa tani 14 hadi 15 kila kontena. Futi 20 mbili za vigae, sahau. Ni lori mbili.

Na wa mizigo ya nje (Zambia, Kongo, Malawi, Rwanda, Burundi) mnisikilize: kontena la tranziti lina lakiri ya forodha. Likizidi pale mizani ya Vigwaza huwezi kufungua mlango ukasogeza maboksi mbele kama mtu mwenye mzigo wa ndani. Unasubiri utaratibu wa forodha, na siku zinahesabiwa. Uzito wa kila nusu ya kontena unatakiwa ujulikane huko unakopakia.

BintiForodha

Hapo kwenye uzito wa kupakia, tangu tarehe 1 Julai 2016 kontena halipandi melini bila uzito uliothibitishwa, ndiyo ile VGM. Njia ni mbili. Ya kwanza, kontena lililojazwa na kufungwa linapimwa lote. Ya pili, unapima kila kitu kinachoingia, pamoja na paleti, mbao na kamba, kisha unajumlisha uzito mtupu ulioandikwa mlangoni. Kukadiria hairuhusiwi.

Kwa mwagizaji, VGM ni silaha. Muombe muuzaji nakala yake kabla mzigo haujatoka. Orodha ya mzigo ikisema tani 24 na VGM ukitoa kontena ikasema 27, kuna kitu, na bora ukijue mzigo ukiwa bado baharini kuliko siku ya ukaguzi.

Kariakoo Jumla, omba pia bei ya futi 20 ikiwa imetaja tani 26 wazi. Baadhi ya kampuni za meli hutoza nyongeza kwa futi 20 nzito, na haionekani kwenye bei ya kwanza wanayokutumia.

Kariakoo Jumla

Nimewaelewa. Swali dogo: haikyubu na futi 40 ya kawaida bei ni tofauti?

Mpakiaji

Kutoka China mara nyingi ni bei moja au tofauti ndogo, kwa sababu haikyubu ndiyo imejaa sokoni. Mzigo mwepesi usikubali ya kawaida bila sababu, unaacha CBM 9 bure.

Ekseli Sita

Sababu moja ipo: kimo barabarani. Haikyubu kwa nje ni mita 2.90. Trela la kawaida lina mita 1.5 hivi, jumla unakaribia 4.4. Barabara ya Mandela haina neno. Mitaa ya ndani yenye nyaya za umeme na simu zilizolegea ni habari nyingine, na trela la futi 40 Kariakoo halipindi kirahisi kwenye kona. Ndiyo maana wengi hufungulia mzigo kwenye ghala la nje na kuugawa kwa Fuso na Canter. Ingiza gharama hiyo mapema, usiikute mwishoni.

Mkulima wa Njombe

Naomba tuguse makontena ya baridi. Parachichi.

Nyuzi Tano

Karibu mkuu. Hili ni kontena ambalo watu wanalielewa vibaya kuliko yote, kwa hiyo nitarefusha.

Kontena la baridi HALIPOZI mzigo, linatunza ubaridi ulioingia nao. Mashine yake imetengenezwa kuondoa joto linalopenya kuta na joto la matunda yenyewe yanapopumua. Ukipakia parachichi za nyuzi 22 kutoka shambani, itahangaika siku kadhaa, katikati ya paleti kutabaki na joto, na tunda litaanza kuiva safarini. Parachichi za Hass zipozwe kwanza kwenye chumba cha baridi hadi nyuzi 5 au 6, ndipo ziingie. Pima kwa kuchoma kipimajoto ndani ya tunda. Hewa ya chumba haikuambii kitu.

Lililozoeleka ni haikyubu ya futi 40. Kuta ni nene, kwa hiyo ndani ni kama CBM 67, si 76. Huingia paleti 20 au 21 za mita 1.0 kwa 1.2. Kwa boksi za kilo 4, paleti ya boksi 264, paleti 20 ni boksi 5,280, tani 21 za matunda.

Hewa baridi hutoka mashineni, hupita chini katikati ya reli za sakafu, hupanda kupitia kwenye mzigo, hurudi kwa juu. Kwa hiyo:

Sakafu ifunikwe yote. Pengo lililoachwa karibu na mlango ni njia ya mkato ya hewa, itapanda hapo na paleti za mbele zitakosa. Kama mzigo haufiki mwisho, funika sakafu iliyobaki kwa kadibodi ngumu.

Usivuke mstari mwekundu uliochorwa ukutani kwa juu. Ukiuziba, hewa haina pa kurudi.

Matundu ya boksi yalingane juu hadi chini. Boksi zikipishana kama matofali, paleti inasimama imara lakini hewa haipiti. Ufungaji ufanywe kwa kona za kadibodi na mikanda, si kwa kupishanisha.

Zima mashine wakati mlango uko wazi. Ikiwaka inavuta hewa ya joto yenye unyevu, maji yanaganda kwenye koili, nguvu inapungua.

Tundu la hewa safi: matunda yanapumua, lazima liwe wazi kwa kiasi kilichoandikwa kwenye maelekezo ya usafirishaji. Samaki wa kugandishwa wa nyuzi 18 chini ya sifuri ni kinyume, tundu lifungwe kabisa. Kuna waliosafirisha minofu kwa maelekezo ya matunda, na wengine matunda kwa maelekezo ya minofu. Karatasi moja tu imekosewa.

Umeme ni wa awamu tatu, volti 380 hadi 460, plagi ya ampea 32. Kutoka Njombe hadi Dar lori lazima liwe na jenereta iliyofungwa kwenye trela au mbele ya kontena. Kagua mafuta yake kabla hujafunga lakiri, na dereva asome nyuzi kwenye skrini kila anaposimama na kuziandika. Kumbukumbu ya mashine inahifadhi kila kitu, na ikitokea mabishano na mnunuzi Ulaya itasomwa saa kwa saa.

Mkulima wa Njombe

Hayo ya hewa iliyodhibitiwa yanalipa?

Nyuzi Tano

Kwa safari ndefu, ndiyo. Oksijeni hushushwa na kaboni dayoksidi hupandishwa, tunda linalala. Lakini haliokoi tunda lililochumwa limekomaa kupita kiasi au lililokaa juani. Kama chumba cha kupozea hakipo, pesa iende huko kwanza.

Mpakiaji

Kuna kitu pembeni ya hilo. Kampuni za meli zinapohitaji kurudisha makontena ya baridi mahali penye matunda, huyauza kwa bei nafuu kwa mzigo mkavu, mashine ikiwa imezimwa. Ni nafuu kweli. Ila nafasi ni ndogo, kuta hazitaki msumari, sakafu ya reli haitaki foklifti ya ovyo, na uharibifu wowote unalipia wewe. Kwa maboksi laini sawa. Kwa vyuma, hapana.

Gereji Chang'ombe

Mashine je? Compressor kubwa, kimo mita 2.5, tani 9, haipiti mlangoni kwa foklifti.

Winchi

Kwa mita 2.5 inapita mlango wa haikyubu kwenye karatasi (2.58), lakini sentimita 8 si nafasi ya kazi ukiwa na foklifti inayoinua. Chagua opentopu: paa ni turubai juu ya vyuma vinavyotolewa, na kile chuma cha juu ya mlango nacho hufunguka. Krini inateremsha mzigo kutoka juu. Kimo cha ndani cha opentopu ya kawaida ni kama mita 2.35, kwa hiyo yako itachomoza juu. Hilo lina maana mbili. Hakuna kontena litakalowekwa juu yake, na spreda ya krini (kile kifaa kinachoshika kontena kwa juu) haiwezi kushika pembe bila fremu ya ziada. Utalipia nafasi hiyo. Uliza kama kuna opentopu ya haikyubu, inakuweka ndani ya kimo.

Kama mzigo unazidi UPANA, opentopu haisaidii. Hapo ni fletireki: sakafu na kuta mbili za ncha, pembeni wazi. Ya futi 40 inabeba karibu tani 40, zaidi ya kontena lolote la kawaida, kwa sababu sakafu yake ni boriti nzito. Ndiyo ya ekskaveta, transfoma, boti. Kuta zake za ncha mara nyingi hukunjwa, na zikirudi tupu hurundikwa nne na kuchukua nafasi ya kontena moja.

Jambo linaloangusha watu kwenye mashine ni uzito uliokusanyika. Tani 9 zikisimama juu ya miguu minne midogo zinatoboa plaiwudi ya milimita 28. Iweke juu ya boriti mbili za mbao ngumu zilizolazwa kwa urefu wa kontena, ili uzito uangukie vyuma vingi vya chini ya sakafu. Futi 40 hesabu isizidi tani 3 kwa kila mita ya urefu. Tani 9 zitandazwe angalau mita 3. Futi 20 ni imara zaidi kwenye hili.

Kamba: vile vikuku (pete za kufungia) vya sakafuni vimetengenezwa kwa kilo 1,000 kila kimoja kwa kiwango cha chini. Usifunge tani 9 kwa vikuku viwili ukaamini. Gongomea vizuizi vya mbao pande zote, kisha kamba.

BintiForodha

Mbao hizo, na paleti, ziwe na muhuri wa ISPM 15 (kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungia mizigo), ule wa alama ya shuke, wenye HT kwa zilizochomwa joto au MB kwa zilizofukizwa. Mbao mbichi za mtaani zinaweza kuzuia mzigo mzima kwa wakaguzi wa afya ya mimea kwa sababu ya vipande vitatu. Plaiwudi haihitaji muhuri.

Msoma Namba

Naleta upande wa utapeli. Watu hutumiwa picha ya "kontena lako limepakiwa" na namba ambayo haipo. Namba ya kontena inajihakiki yenyewe. Ina herufi nne (tatu za mmiliki, ya nne U), tarakimu sita, na tarakimu moja ya mwisho iliyo ndani ya kisanduku. Hiyo ya mwisho inatokana na zile kumi.

Herufi zina thamani: A ni 10, B ni 12, C 13, na kuendelea kwa mfuatano huku ukiruka 11, 22 na 33. Kwa hiyo K ni 21, L ni 23, U ni 32, V ni 34, Z ni 38. Zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, hivyo hivyo ukiongeza maradufu hadi ya kumi kwa 512. Jumlisha, gawa kwa 11, baki ndiyo tarakimu ya mwisho. Baki ikiwa 10, inaandikwa 0.

Namba ya kufundishia, CSQU 305438: C 13x1=13, S 30x2=60, Q 28x4=112, U 32x8=256, 3x16=48, 0x32=0, 5x64=320, 4x128=512, 3x256=768, 8x512=4096. Jumla 6,185. Ukigawa kwa 11 inaingia mara 562 na kubaki 3. Namba kamili ni CSQU 305438 3. Mtu akikuletea yenye mwisho 7, ama kakosea kuandika ama kaitunga. Ikikubali haimaanishi kontena ni lako, maana tapeli naye anaweza kunakili namba ya kweli. Ifuatilie kwenye tovuti ya kampuni ya meli na ulinganishe na BL (hati ya shehena ya meli).

Chini ya namba kuna msimbo wa aina. 22G1 ni futi 20 la kawaida, 42G1 futi 40, 45G1 haikyubu, L5G1 futi 45, 45R1 la baridi la haikyubu. Herufi ya tatu ndiyo aina: G kawaida, R baridi, U opentopu, P fletireki, T tanki. Umelipia 45G1 na picha inaonyesha 42G1? Uliza leo, si siku ya kushusha.

Kahawa Moshi

Kwa wanaotoa mazao nje, nafasi na uzito havitoshi, kuna unyevu. Kahawa: magunia 320 ya kilo 60 kwa futi 20, tani 19.2. Ufuta, mifuko 380 ya kilo 50, tani 19. Korosho ghafi ni nyepesi kwa ujazo, futi 20 hujaa kwenye tani 15 au 16.

Meli ikitoka Dar yenye joto na kuingia baridi ya Ulaya, paa la chuma hupoa kwanza, mvuke kutoka kwenye mazao hugeuka maji darini na kudondokea magunia ya juu. Mvua ya ndani hiyo. Kahawa isizidi unyevu wa asilimia 12.5. Kuta na dari zitandikwe karatasi ngumu ya kaki, ya juu iteremke hadi kufunika magunia ya mwisho. Ning'iniza mifuko ya kloridi ya kalsiamu pembeni. Usitumie paleti wala mbao mbichi, zina maji mengi kuliko mazao. Magunia yasiguse bati moja kwa moja. Nailoni badala ya karatasi ni kosa, inakusanya maji na kuyamwaga sehemu moja.

Kontena liwe halijabeba kemikali, ngozi wala samaki. Jifungie ndani dakika chache na unuse. Harufu isiyoonekana kwa jicho, muonjaji wa Hamburg ataipata kikombeni.

BintiForodha

Ukijifungia hivyo, tazama pia mwanga. Mtu wa nje afunge milango yote, wewe ndani zima simu. Tundu la ukubwa wa sindano linaonekana kama nyota. Lipo? Kataa kontena hapo hapo, depo ina mengine.

Ila hakikisha kwanza kama limefukizwa. Kibandiko cha fosfini (gesi ya kufukizia wadudu) mlangoni si pambo. Milango ifunguliwe na hewa ipite kabla mtu hajaingia, hasa makuli wanaokimbilia ndani.

Kijiwe Tegeta

Mie nataka kununua futi 40 kuukuu nifanye duka. Nitazame nini?

Winchi

Kwa duka lisilosafiri huhitaji cheti hai, lakini soma kibao cha usalama mlangoni ujue umri na uzito. Kontena jipya hukaguliwa baada ya miaka mitano, kisha kila miezi 30, au huwa chini ya mpango wa ukaguzi endelevu wenye herufi ACEP. Akikuuzia kama "bado linapanda meli" na tarehe imepita miaka mingi, bei iwe ya chuma.

Kisha lala chini utazame vyuma vya kukatiza sakafu. Paa na kuta huzibwa kwa kiraka cha saa moja, vyuma vya chini vikiliwa na kutu sakafu inazama. Nguzo nne za pembe ndizo zinazobeba kila kitu. Nguzo iliyopinda, achana nalo. Ukikata ukuta kuweka dirisha kubwa, weka fremu ya chuma kuzunguka tundu, maana bati lile la mawimbi ndilo linalozuia boriti ya juu isilegee. Na liinue juu ya matofali au zege kwenye pembe zote nne, kwa usawa. Likiegemea upande mmoja tu milango haitafunga.

Kariakoo Jumla

Wakuu bei zimerudi: futi 20 kwa tani 26 pamoja na haikyubu moja, na nyongeza ya uzito ipo kweli. Kuna cha kuangalia upande wa kurudisha makontena?

BintiForodha

Kuna saa mbili zinazokimbia. Ya kwanza ni ya mzigo kukaa bandarini au bandari kavu. Ya pili ni ya kampuni ya meli, siku za kukaa na kontena hadi lirudi tupu depo waliyoitaja. Kumaliza ya kwanza hakusimamishi ya pili. Uliza siku za bure za kila moja kwa maandishi kabla ya kulipia usafiri wa meli, ndipo huwa zinajadilika. Kwa mzigo wenye vibali vingi omba 14 au 21.

Lori likitoka na kontena, wakala anasaini hati ya makabidhiano inayoonyesha hali yake. Ikiandikwa "zima" wakati lina bonde ubavuni, bonde hilo ni lako. Piga picha pande zote sita, paa likiwemo, namba ikionekana. Kwa vigae, waambie makuli wasiache vipande, plaiwudi na mikanda ndani. Depo hutoza usafi, na sakafu iliyochimbwa na foklifti hutozwa kwa kipande. Vibandiko vya tahadhari vya mzigo uliopita vitolewe. Likirudishwa, chukua risiti ya kupokelewa siku ile ile, usiridhike na neno la dereva kwamba ameshusha. Amana ya kontena hairudi bila hiyo risiti.

Kariakoo Jumla

Sawa. Naandika kwa Foshan sasa: mita 1,240 futi 20, 960 chini ya sofa, picha ya sakafu kabla plaiwudi haijatandikwa, na VGM zote mbili.

Mpakiaji

Ongeza picha ya lakiri ikiwa imefungwa mlango wa kulia, namba yake isomeke na ilingane na ya kwenye BL.